Kunguru wa Jang'ombe: Tuwahesabu Kabla ya Kuwaua

Shauri la kuwaangamiza kunguru wa Unguja ni la miaka mingi, na kila linapofufuka husemwa maneno yale yale: wamezidi, wanatia uchafu, wanakula vifaranga, basi na watiliwe sumu. Makala haya hayakuandikwa kwa nia ya kuwatetea. Madhumuni yake ni kuuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, lapaswa kutangulia sumu. Kunguru hao ni wangapi? Ni kunguru wa aina gani? Na katika miti ile ile wanamolala, wamo ndege gani wengine? Atakayeuliza hayo katika mtaa wa Jang'ombe leo atapata majibu mengi ya hamaki na machache ya hesabu. Nasema kwamba kazi ya kuyapata majibu hayo ni ya skuli zetu za sekondari, na kwamba inaweza kuanza wiki ijayo bila ya kungoja fedha za mtu yeyote.

Tuanze na aina, kwa sababu neno "kunguru" linabeba ndege wawili. Yule aliyejaa mjini ni kunguru wa Bara Hindi, ambaye wataalamu humwita Corvus splendens. Ana urefu wa kiasi cha sentimita 40 kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Paji, koo, mabawa na mkia ni nyeusi yenye kung'aa, lakini kisogo, shingo na kifua vina rangi ya kijivu, mfano wa majivu ya kuni. Wa pili ni kunguru wa asili ya Afrika, Corvus albus, anayepatikana karibu kote kusini ya Sahara hata Bukini na Ngazija. Huyo ni mkubwa zaidi, sauti yake ni nzito zaidi, na kifua chake pamoja na ukosi ni vyeupe pe, kana kwamba amevaa kisibau juu ya kanzu nyeusi. (Jina "albus" maana yake ni nyeupe, aliyempa jina hilo bila shaka alivutiwa na kisibau akaisahau kanzu.) Mjini kunguru huyu wa asili amekuwa adimu. Basi mtu anayeshika jiwe, mtego au sumu bila ya kujua tofauti ya kijivu na nyeupe aweza kumuua mwenyeji akidhani anamfukuza mgeni.

Mgeni huyo hakuja kwa mabawa yake. Aliletwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1890, na anayetajwa kuwa alimleta ni Gerald Portal, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza hapa. Sababu ilikuwa takataka. Mji ulikuwa na uchafu mwingi, na huko India kunguru alijulikana kuwa mfagiaji asiyelipwa mshahara. Fikra hiyo haikuwa ya kipumbavu kwa nyakati zake, ila ilikosa hesabu: hakuna aliyeuliza kitu gani huko India humzuia kunguru asizidi. Kwa mfano, katika Bara Hindi yuko ndege wa ukoo wa kekeo, aitwaye koeli, ambaye hutaga mayai yake katika kiota cha kunguru na kumwachia mzigo wa kulea. Koeli hakuletwa. Kunguru alishuka Unguja akiwa ameachana na sehemu ya maadui zake, akakuta majaa, samaki, na ndege wadogo wasiomjua. Kutoka visiwani na kwa njia ya meli jamaa zake wakaenea mwambao mzima. Mombasa alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Amefika Durban upande wa kusini, na mwaka 1994 hata Uholanzi, katika bandari ya Hoek van Holland, bila shaka kwa kupanda meli.

Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Kunguru wa Jang'ombe hakimbizi chochote. Humnyang'anya mtoto andazi mkononi, hushuka sokoni mbele ya muuza samaki, hutoboa papai kabla halijaiva, na huingia kiota cha mnana kula mayai na makinda. Kwa mayai yake matatu hadi matano kwa uzazi mmoja, na kwa werevu alionao, si adui wa kudharauliwa. Ukoo wa kunguru ni miongoni mwa koo za ndege zenye akili nyingi kabisa. Mwaka 2008 watafiti nchini Ujerumani walitangaza matokeo ya jaribio la kuwatia alama ya rangi chini ya koo ndege wa ukoo huo waitwao Pica pica, kisha wakawawekea kioo. Baadhi yao walipojitazama waliikwaruza alama ile kwenye miili yao wenyewe, si kwenye kioo. Ndege wa namna hiyo akiona mwenziwe amenaswa au amepigwa risasi, hujifunza, na kesho hukaa mbali.

Ndiyo maana sumu iliyotumika zaidi dhidi ya kunguru katika mwambao wetu, iitwayo DRC-1339, haiui papo hapo. Ndege hula chambo, huruka, na hufa baada ya saa nyingi akiwa mahali pengine, hata wenziwe wasiweze kuunganisha kifo na chakula. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliendeshwa Unguja kampeni ya miaka kadhaa, kwa msaada wa Finland, ya kuwapunguza kunguru. Walipungua sana. Kazi iliposimama, wakaongezeka tena. Dar es Salaam nayo iliingia katika vita hivyo miaka ya 2010, na mwezi wa Juni 2024 shirika la wanyamapori la Kenya lilitangaza azma ya kuwaondoa kunguru milioni 1 katika pwani ya nchi hiyo kufikia mwisho wa mwaka huo.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Milioni moja ni hesabu ya waliokusudiwa kufa, na hesabu ya maiti, hata ikiwa kubwa namna gani, haituambii tunalotaka kulijua. Tunalotaka kulijua ni waliobaki. Zaidi ya hayo, twataka kujua kama baada ya kunguru kupungua, chozi, shore, mnana na tetere wameongezeka. Maana kama hawakuongezeka, basi ama kunguru hakuwa sababu, ama tulichelewa, ama sumu yetu iliwagusa na wao. Bila ya hesabu ya kabla na hesabu ya baada, kampeni hugeuka kuwa desturi ya kila baada ya miaka kadhaa, kama kupaka chokaa ukuta wenye unyevu.

Nilipokuwa masomoni Uingereza nilishuhudia kesi inayofanana na hii. Huko yule ndege niliyemtaja, Pica pica, mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu, huingia katika bustani za watu, na yeye pia hula mayai na makinda. Kuanzia miaka ya 1970 aliongezeka sana mijini, na katika muda huo huo ndege kadhaa wadogo waimbao walipungua. Watu wengi walitoa hukumu: muuaji ni huyu. Lakini nchi ile ilikuwa na kitu ambacho sisi hatuna, nacho ni madaftari. Wapenda ndege, wengi wao si wanasayansi, walikuwa wakihesabu ndege mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Watafiti walipozilinganisha hesabu hizo hawakuona, kwa jumla, kwamba ndege wadogo walipungua zaidi mahali alipoongezeka mshitakiwa. Mabadiliko ya kilimo na makazi yalikuwa na uzito mkubwa zaidi.

Nawaomba wasomaji wasiichukue hukumu hiyo na kumwachia huru kunguru wa Jang'ombe. Kesi zinafanana kwa sura tu. Yule wa Uingereza ni mwenyeji wa huko, na ndege wadogo wa kule wameishi naye kwa karne zisizo na idadi. Huyu wetu ni mgeni aliyekuja bila ya maadui zake wote, katika kisiwa. Mimi binafsi naamini ana hatia kubwa. Lakini imani ya mhadhiri si ushahidi, na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ana haki ya kunidai ushahidi huo.

Madaftari ya Uingereza hayakutokana na maabara. Moja ya hesabu zao kubwa ilianza mwaka 1979 kama shughuli ya watoto: siku moja ya mwisho wa wiki, mwezi wa Januari, mtoto hukaa dirishani saa moja na kuandika ndege anaowaona. Shughuli hiyo inaendelea hadi leo, na ni miongoni mwa kumbukumbu zilizoonyesha kwamba hata jurawa, ndege ambaye hakuna aliyewahi kumwonea wasiwasi, amepungua kwa zaidi ya nusu katika bustani za nchi ile.

Sisi tumekuwa na wataalamu walioandika habari za ndege wa visiwa hivi. Vaughan aliandika katika jarida la Ibis mwaka 1929 na 1930, na orodha ya Pakenham ilitolewa mwaka 1979. Kazi zao ni za thamani. Hata hivyo, orodha hutaja aina zilizopo. Haiwezi kumwambia mwalimu wa Jang'ombe kama shore wa mtaani kwake wamepungua tangu mwaka juzi. Hilo hujulikana kwa mtu kukaa mahali pamoja.

Chukua uwanja wa kawaida wa mtaa ule: mwembe mmoja, mpapai, mgomba nyuma ya jiko, mnazi wa jirani, waya za umeme, na jaa mwisho wa njia. Pana ndege wa kutosha mwaka mzima wa masomo. Jurawa, ambaye bara humwita shomoro, atakuwapo juu ya paa. Na mwanafunzi ajue kwamba huyo naye ni mgeni aliyeletwa Unguja, ili asije akadhani kila mgeni ni mharibifu. Shore ana rangi ya udongo, kichwa cheusi chenye kishungi kifupi, na manjano chini ya mkia. Mtafute penye papai lililoiva. Chozi ni mdogo kuliko wote hao, mdomo wake mwembamba umepinda kama sindano ya kushonea magunia, nao hutumika kunyonyea asali ya maua ya mgomba. Dume la chozi hung'aa kama hariri, jike lina rangi iliyofifia, na wanafunzi wengi huwaandika kuwa aina mbili. Mnana ni wa manjano, husuka kiota kwa nyuzi za majani anazochana kwenye makuti. Tetere hutembea chini akiokota mbegu. Tipitipi husikika zaidi kuliko kuonekana, sauti yake ni kama maji yanayomiminwa kutoka gudulia lenye shingo nyembamba. Juu kabisa atapita mwewe, mkia wake una panda, na mara nyingi nyuma yake wapo kunguru wawili watatu wakimsumbua. Upepo wa kaskazi ukianza, mbayuwayu kutoka Ulaya na Asia watajipanga juu ya waya.

Anayeanza kutambua ndege asikimbilie rangi, kwani rangi hudanganya penye kivuli. Aanze na ukubwa, kwa kulinganisha na ndege anayemjua: ni mkubwa kuliko jurawa? Mdogo kuliko tetere? Kisha mdomo, maana mdomo hueleza chakula: mnene na mfupi ni wa mbegu, mwembamba uliopinda ni wa maua, wenye ndoano ni wa nyama. Halafu mkia, mwendo, sauti, na mahali alipokaa. Rangi ije mwisho.

Kuhesabu kuna kanuni moja ambayo asiyeifuata ataharibu kazi yote. Ndege huondoka na kurudi, na hatuwezi kumjua mmoja kwa uso. Tuseme darasa limeanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa kumi na mbili na dakika arobaini wako kunguru 6 mwembeni. Robo saa baadaye wako 9 juu ya waya. Saa moja na dakika kumi wako 4 jaani. Mwanafunzi ataandika 9, yaani idadi kubwa kabisa iliyoonekana kwa mara moja, wala hataandika 19. Saa moja na nusu kazi imekwisha. Hesabu ya namna hiyo haidai kuwa ni idadi kamili ya kunguru wa Jang'ombe. Ni kipimo, na kipimo kikitumiwa kwa njia ile ile, mahali pale pale, saa ile ile, huonyesha kupanda na kushuka. Kwa kunguru peke yao ipo njia nyingine ya jioni. Wao hulala kwa makundi katika miti mikubwa, na huelekea huko kwa njia za kawaida. Wanafunzi wawili wakisimama uwanjani kuanzia saa kumi na moja hadi adhana ya magharibi, na kuwahesabu wanaopita kuelekea upande mmoja, watapata tarakimu ambayo hakuna ofisi iliyo nayo.

Pamoja na ndege, na iandikwe hali ya jaa. Limezolewa au limefurika? Hili nalitilia mkazo kwa sababu nashuku kwamba tarakimu za kunguru zitaifuata hali ya jaa kuliko zitakavyoifuata sumu. Kunguru aliletwa kwa ajili ya takataka, na takataka ndizo zinazomlisha mpaka leo. Madarasa ya Jang'ombe yakihesabu kwa mwaka mzima, wiki za jaa lililozolewa na wiki za jaa lililofurika, tutakuwa na jambo la kuwaonyesha wakubwa wa Manispaa lenye nguvu kuliko malalamiko. Na skuli ya Kizimkazi ikihesabu siku hiyo hiyo na saa hiyo hiyo, tutaweza kulinganisha mji na shamba. Ila kwa hadhari, kwa kuwa Kizimkazi ina miti mingine na nyumba chache, na tofauti ya ndege yaweza kutokana na hayo. Mwalimu atakayewafundisha wanafunzi wake kuitilia shaka namba yao wenyewe atakuwa amewafundisha sayansi zaidi ya sura nzima ya kitabu.

Nimesikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba hatuna darubini. Darubini ni kitu kizuri, lakini uwanja wa Jang'ombe ni mdogo, na kijivu cha shingo ya kunguru huonekana kwa macho matupu kutoka upande wa pili wa njia. Ya pili ni kwamba wanafunzi hawajui majina ya ndege. Ni kweli, na ni jambo la kusikitisha katika mtaa ambao mtoto wa miaka kumi aweza kukutajia wachezaji wote wa Taifa ya Jang'ombe na wa Jang'ombe Boys pasipo kukosea. Akili ya kukumbuka majina na sura anayo, hajapewa ndege. Bibi na babu wanayo majina mengi, na waulizwe kabla hawajaondoka nayo.

Wako wanaosema majina ya Kiswahili hayafai sayansi kwa sababu "chozi" hukusanya aina nyingi. Jibu ni kwamba lugha yetu tayari inayo dawa ya hilo. Tunasema njiwa manga na njiwa pori. Jina la kwanza ni la kundi, la pili humtenga mmoja. Huo ndio mpango wa majina mawili ambao Linnaeus aliutumia kwa wanyama wote mwaka 1758, na ndio unaotupa Corvus splendens na Corvus albus. Hapana kinachotuzuia kuandika chozi kifua-chekundu au kunguru kisibau, mradi tuweke pembeni jina la kitaalamu, ili aliye Mombasa au Moroni ajue tunamsema nani.

Kuhusu muda wa masomo, saa moja kwa wiki mbili yatosha, nayo ni kabla ya kengele ya asubuhi. Ninalolisisitiza ni daftari. Liwe moja, la jalada gumu, na mistari ya tarehe, saa, hali ya hewa, hali ya jaa, jina la ndege na idadi. Ndege asiyetambuliwa aandikwe "sijui" pamoja na mchoro, wala asibuniwe jina. Ndege aliyetafutwa asionekane aandikiwe sifuri, kwa maana siku moja sifuri ya mnana ndiyo itakayokuwa habari kubwa kuliko zote. Na daftari hilo lisikae nyumbani kwa mwanafunzi, hata akiwa hodari namna gani, kwa kuwa mwanafunzi humaliza masomo akaondoka. Likae katika kabati la mwalimu wa baiolojia, na mwalimu akihamishwa amkabidhi mwenziwe kwa kutia saini.